Street Fighter iliingia pande tatu, lakini haikuuacha mstari wake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa majuzi kwamba Street Fighter, ile gemu ya video ya watu wawili kupigana, ilikufa siku ilipotolewa kwenye michoro ya mkono ikatiwa kwenye pande tatu (3D), yaani miili ya kompyuta inayoweza kutazamwa kutoka kila upande, na kwamba waliofanya kazi hiyo ni wavivu waliokuwa wakitafuta pesa za haraka. Kijana mmoja aliikata barua ile gazetini akaja nayo dukani, akaiweka juu ya meza ya kazi katikati ya skrubu zangu, akasema, "Mzee, soma hapa, kisha utuambie kama ni kweli." Nimesoma. Nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Kwanza nijieleze. Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme, Kisauni, Mombasa. Mbele ya duka natengeneza redio, feni na pasi. Nyuma kuna chumba chenye televisheni na padi, vile vidude vya mkononi vya kuchezea gemu, na sheria yake ni moja: anayeshinda anakaa, anayeshindwa anampisha mwenzake. Padi zote za chumba hicho nimezifungua kwa mikono yangu, na naweza kukuambia padi imechezewa gemu gani kwa kuangalia palipolika. Ya soka hulika kitufe cha pasi. Ya Street Fighter hulika ule msalaba wa kushoto, upande wa chini kuelekea mbele, kwa ajili ya ile robo duara ya kutupia kombora. Raba ya ndani hupasuka pale pale kila mara, iwe gemu ni ya zamani ya kuchorwa au ya sasa. Hilo la raba naomba msomaji aliweke akiba, nitalihitaji.

Tuanze na historia, maana barua ile iliiruka. Street Fighter ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na watu wachache sana wanaikumbuka. Ya pili, ya mwaka 1991, ndiyo iliyoipa Capcom, kampuni ya Osaka, Japani, inayotengeneza gemu hii, jina duniani. Wachoraji wake walichora kila mkono na kila teke kwa nukta. Miaka miwili baadaye, 1993, Yu Suzuki na wenzake wa Sega wakatoa Virtua Fighter, inayohesabiwa kuwa gemu ya kwanza ya aina hii iliyojengwa kwa poligoni, yaani vipande bapa vyenye pembe vinavyounganishwa kuwa mwili. Ukiitazama leo utacheka: mabega ya pembe, uso kama umekatwa kwa msumeno. Lakini miili ile ilikuwa na mgongo na ubavu, kamera iliweza kuizunguka, na mwendo wake ulikuwa na uzito wa mtu. Mwaka 1994 Namco wakaja na Tekken. Kufikia 1997 hata Mortal Kombat, iliyojijengea jina kwa picha za watu halisi, ilikuwa imeingia kwenye poligoni katika toleo lake la nne. Kila mtu aliyekuwa na gemu ya kuchorwa aliulizwa swali moja: na wewe lini?

Hapa ndipo msomaji wetu anapoipotosha hadithi. Anaandika kana kwamba Capcom walilala kwenye karatasi wakaamka kwenye pande tatu. Hawakufanya hivyo. Walifanya yote mawili kwa pamoja.

Mwaka 1996 ilitoka Street Fighter EX, iliyotengenezwa na kampuni ya Arika. Mwenye Arika ni Akira Nishitani, mmoja wa vichwa viwili vikubwa vilivyobuni Street Fighter II. Kwa hiyo usiseme kazi ilitupiwa wageni. Alipewa mwenye nyumba. EX ilikuwa ya poligoni tupu. Miezi michache tu baadaye, mapema 1997, Capcom wenyewe wakatoa Street Fighter III, iliyochorwa kwa mkono kuliko chochote walichowahi kuchora, kwenye mashine mpya iliyotengenezwa makusudi kubeba picha nyingi namna ile. Kampuni moja, msimu mmoja, njia mbili zinazopishana.

Sasa sisi tuliokuwa na pleistesheni ya kwanza hatukuona njia zote mbili. Street Fighter III haikuwahi kuletwa kwenye mashine ile. EX ililetwa. Kwa hiyo mtoto wa Kisauni wa wakati huo, aliyezoea Ryu, mpiganaji mkuu wa gemu hii, wa kuchorwa kwenye mashine za zamani, alichokutana nacho kwenye CD ya kuchoma kilikuwa Ryu wa poligoni, ngumi zake nene na vidole vimeshikana. Nakumbuka tulivyokuwa tukiipindua mashine kichwa chini miguu juu ili jicho lililochoka liisome CD, na televisheni ya kisogo kirefu ikitoa joto kama mtu mwenye homa. Uzuri wa EX haukuwa picha. Uzuri ulikuwa kwamba uliweza kukatiza pigo kubwa kwa pigo jingine kubwa, moja juu ya jingine, na kamera ikauzunguka mwili wa aliyeanguka. Tena kulikuwa na Skullomania, mfanyabiashara aliyevaa nguo ya mifupa akajiona shujaa. Chumba kizima kilimpenda. Arika walibaki na haki zake, ndiyo maana mwaka 2018 alirudi kwenye gemu yao wenyewe isiyo na jina la Street Fighter.

Lakini EX haikutawala chumba. Kilichotawala ni Tekken 3, na nitasema ukweli kwa nini: mpiganaji wake mmoja, Eddy Gordo. Mtu asiyejua chochote, aliyeshika padi kwa mara ya kwanza, akimchukua Eddy akabonyezabonyeza vitufe vya mateke ovyo, anampiga bingwa wa mtaa. Yule Mbrazili anapinduka, anazunguka kwa mikono, anakata miguu. Mwendo wake ulinaswa kutoka kwa mwalimu halisi wa capoeira, mchezo wa Brazil wa kupigana kwa mateke kama ngoma. Mabingwa walimchukia Eddy, watoto walimwabudu, na mimi nilibadilisha raba za vitufe vya mateke mara nyingi kuliko kazi nyingine yoyote.

Na mwaka huo huo wa 1997 Tekken 3 ilipotoka kumbini, mpiganaji mwingine wa capoeira alikuwa amezaliwa kule kwenye mashine ambazo sisi hatukuziona. Anaitwa Elena. Kwa mujibu wa Capcom, Elena ni Mkenya.

Nilimwona baadaye sana, wakati Street Fighter III ya mwisho, ile ya Third Strike, ilipowekwa kwenye PlayStation 2 mwaka 2004. Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndiyo nusu ya barua ile ninayokubaliana nayo.

Ukimchagua Elena usibonyeze kitu. Mwache asimame tu. Hasimami. Anayumba kutoka mguu hadi mguu, goti linapanda, kiuno kinafuata, bega linachelewa kidogo kisha linafika, nywele nyeupe zinafika mwisho. Kila sehemu ina wakati wake. Mtu alikaa akavichora vyote hivyo, picha baada ya picha, na hakuna picha inayoonekana imewekwa pale kujaza nafasi. Sasa bonyeza ngumi. Anapiga teke. Bonyeza ngumi nzito. Teke tena. Elena hapigi kwa mikono kabisa. Hata akikukamata akutupe anakukamata kwa miguu. Kwenye mashine zile za karatasi, hakuna aliyesogea kwa ulaini kumshinda, na nimemwonyesha fundi wa cherehani jirani yangu asiyejua gemu ni nini, akasema, "Huyu amechorwa na mtu anayependa kucheza ngoma."

Halafu hasira. Mkenya gani anayepigana capoeira? Capoeira ni ya Brazil, ilitoka kwa Waafrika waliopelekwa utumwani, wengi wao wa upande wa Angola, bahari nyingine kabisa na hii yetu. Wangeuliza wangeambiwa habari za kirumbizi, fimbo zinazochezwa Lamu kwenye sherehe, mguu wa mbele ukipima na mkono ukikinga. Wangeambiwa miereka ya kule ziwani. Wao walichukua binti wa kifalme, peku, katikati ya mbuga, wakampa mchezo wa Bahia, kule Brazil, na majina ya mapigo yenye faru na simbamangu. Nilipowaambia vijana kwamba huyu ni Mkenya walitazamana. Mmoja akauliza, "Wa kaunti gani?" Hakuna jibu hadi leo. Lakini walimchagua. Kila mmoja alitaka kumchezea angalau mechi moja, kwa sababu ameandikwa Mkenya, na Kenya ni yetu.

Turudi kwenye hoja. Kazi ile ya mkono ilikuwa na bei. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mwili wa kuchorwa ukigeuka kutazama upande wa pili, mara nyingi hauchorwi upya, unapinduliwa tu kama kwenye kioo. Ndiyo maana kwenye gemu za zamani Sagat akihamia upande mwingine wa skrini, kitambaa cha jicho lake bovu kinahamia jicho zima. Kwenye Street Fighter III wachoraji walikataa aibu hiyo kwa Gill, yule bosi mwenye nusu nyekundu na nusu ya buluu, wakamchorea picha za kila upande peke yake ili rangi zisihame. Fikiria kazi hiyo kwa mtu mmoja. Sasa fikiria mtu anataka kumbadilishia Ryu nguo. Kwenye karatasi unachora upya kila hatua, kila ruko, kila anguko. Kwenye pande tatu unashona nguo mara moja, mwili unaenda nayo.

Street Fighter III haikufanya biashara kama ya pili. Ilipotoka mwanzo wahusika wa zamani walikuwa Ryu na Ken tu, wengine wote wageni, na kumbi za mashine za sarafu zilikuwa zimeanza kufungwa. Baada ya Third Strike ya 1999 hesabu ilisimama. Hapakuwa na Street Fighter ya nne kwa karibu miaka kumi. Hiki ndicho kipindi ambacho mwandishi wetu angekiita kifo, na kilitokea wakati gemu bado ni ya karatasi. Pande tatu hazikuwa zimeigusa.

Kilichotunza moto ni watu. Wengi wameona ile video ya mashindano ya Evo ya mwaka 2004 kule Marekani, mimi nimeionyesha dukani hadi naijua kwa moyo. Mjapani Daigo Umehara anamchezea Ken, Mmarekani Justin Wong anamchezea Chun-Li. Damu ya Ken, yaani uhai wake kwenye skrini, imebaki kiduchu, hata kuzuia tu kungemuua. Chun-Li anaachia ule msururu wake wa mateke 15. Kwenye Third Strike unaweza kulifuta pigo badala ya kulizuia, lakini ili ulifute lazima usukume padi mbele, kumwelekea anayekupiga, wakati pigo linafika. Si nyuma. Ukikosea kidogo umekwisha. Daigo akayafuta yote, la mwisho akalifuta hewani, akashuka na kombo, mapigo yanayofuatana bila nafasi, lililommaliza mwenzake. Ukumbi ule unapiga kelele ambayo spika zangu za dukani haziwezi kuibeba.

Ndipo mwaka 2008 ikaja Street Fighter IV kwenye kumbi za Japani, na mapema 2009 majumbani. Msimamizi wake alikuwa Yoshinori Ono, na Capcom waliijenga pamoja na kampuni ya Dimps. Wakafanya jambo ambalo kwangu ni la akili kuliko yote: walibadilisha miili, wakakataa kubadilisha ardhi.

Nieleze, maana hapa ndipo penye mzozo wangu na msomaji. Street Fighter ni gemu ya masafa. Watu wawili wamesimama kwenye mstari mmoja. Huwezi kuingia ndani ya picha wala kutoka nje yake. Unakwenda mbele, nyuma, au juu. Ryu anatupa kombora. Ukilizuia, damu inapungua kidogo. Ukilirukia, Ryu anakungoja chini na ile ngumi ya kupaa. Ukirudi nyuma, linakuja jingine, na nyuma yako kuna ukuta. Gemu nzima imejengwa juu ya dhiki hiyo. Ndiyo maana vijana wangu wanaweza kukaa wakisogea nusu hatua mbele, nusu hatua nyuma, hakuna anayepiga, na chumba kimenyamaza kabisa: kila mmoja anapima urefu wa mguu wa mwenzake.

Sasa mpe yule mpinzani ruhusa ya kupiga hatua moja ya kando, kama ilivyo kwenye Tekken. Kombora linapita. Mtego umekatika. Haihitajiki kuruka tena, na kama hakuna anayeruka, ngumi ya kupaa ni ya nini? Ungebaki na Ryu mwenye kanzu nyeupe na jina tu. Asiyeamini amtazame Akuma, mpiganaji mwingine wa Street Fighter. Namco walimwazima wakamtia kwenye Tekken 7, kumbini 2016, majumbani 2017. Alikuja na makombora yake na maruko yake, na wachezaji wa Tekken wakalalamika kwamba ameletwa mtu anayecheza gemu nyingine ndani ya gemu yao. Walikuwa sahihi. Hata hivyo makombora yake yalikwepwa kwa kando, kitu ambacho nyumbani kwake hakiwezekani.

Kwa hiyo waliotengeneza Street Fighter IV walipoweka miili ya pande tatu juu ya mstari ule ule wa 1991, hawakuwa wavivu. Walikuwa wameshaona mfano wa EX, ambayo nayo ilibaki kwenye mstari, na walikuwa wameona gemu nyingi zilizoharibika kwa kutaka kuzungukazunguka bila sababu. Wakarudisha wapiganaji wote kumi na wawili wa Street Fighter II. Wakamwaga wino mweusi kwenye mapigo, kama brashi ya mwandishi wa Kijapani, ili macho yakumbuke kwamba asili ya vitu hivi ni mchoro. Wakatia vichekesho vya katuni: mtu akiona pigo kubwa linamjia, macho yanamtoka na kinywa kinabaki wazi kabla hajaguswa. Na kwenye Evo ya 2009, fainali ya Street Fighter IV iliwakutanisha nani? Daigo Umehara na Justin Wong. Daigo akashinda tena. Kama gemu ingekuwa imekufa, ujuzi wa wale wawili ungekufa nayo.

Uvivu, ndugu msomaji, ungeutafuta kwingine, na hata huko usingeupata kirahisi. SNK, kampuni nyingine ya gemu za kupigana, walijaribu kubaki kwenye karatasi. Kwa The King of Fighters XII ya 2009 walijenga kwanza mwili wa pande tatu, kisha wakachora juu yake nukta kwa nukta. Picha nzuri ajabu, wapiganaji wachache. Walipohamia pande tatu moja kwa moja, kwenye toleo la 14 la mwaka 2016, walileta wapiganaji 50, na watu wakawacheka kwa sura za plastiki hadi ikabidi waje na marekebisho ya picha mapema 2017. Kampuni ya Arc System Works nao, mwaka 2014 kwenye Guilty Gear Xrd, walifanya kituko cha kinyume: walijenga miili ya pande tatu, kisha wakaondoa makusudi ulaini wa kati ya pozi na pozi ili ionekane imechorwa. Wakanyoosha mikono na miguu kwa fremu (picha) moja moja jinsi mchoraji anavyodanganya macho. Kivuli cha kila mpiganaji kilipangwa peke yake, hakikuachiwa taa ya ukumbi. Hiyo ni kazi ya mkono. Penseli tu ndiyo iliyobadilika.

Makosa yalikuwepo, siyafichi. Street Fighter V ya 2016 ilitolewa bila hata ile safari ya kawaida ya mchezaji mmoja kupambana na kompyuta hadi kwa bosi, na nywele za Ken zilikuwa zimegandana kama kichane cha ndizi. Tulizicheka sana. Na biashara ya kuuza nguo za wahusika, ambayo poligoni ndizo zilizoifungulia mlango, inanikera mimi kama inavyomkera yule msomaji mwenzangu.

Na Elena? Alipata mwili wa pande tatu kwanza kwenye Street Fighter X Tekken mwaka 2012, na mwili huo ukahamishiwa kwenye Ultra Street Fighter IV mwaka 2014. Mateke yalikuwa yale yale, urefu ule ule. Kuyumba kwake kulikuwa kumekufa ganzi. Bega na kiuno viliondoka kwa wakati mmoja, kama mtu anayecheza chakacha kwa kuhesabu hatua. Tena alikuwa na uganga wa kujitibu katikati ya mechi: ukimpa nafasi anakaa anarudisha damu, na mpinzani wake lazima aache mipango yote akimbie kumkatiza. Wengine chumbani walitaka nimpige marufuku. Nilikataa. Mkenya wa pekee tuliye naye, nimfukuze kwa kosa la kujiuguza?

Mwaka 2025, mwezi Juni, aliongezwa kwenye Street Fighter 6. Sasa kaa umtazame tena bila kubonyeza kitu. Bega linachelewa. Nywele zinafika mwisho. Imewachukua tangu 1997 hadi sasa kuyarudisha mambo ambayo mtu mwenye karatasi aliyafanya mwanzo, na hilo ndilo ningependa mwandishi wetu aliandike badala ya neno kifo. Hasara ilikuwepo, ilikuwa ya kweli, na ilikuwa kwenye viuno na mabega. Haikuwa kwenye mapigano.

Kuna ushahidi mmoja zaidi ndani ya hiyo hiyo ya sita, iliyotoka Juni 2023, nao ndio unaonifurahisha kuliko yote. Ina sehemu ambapo unajitengenezea mtu wako, unatembea mjini Metro City utakavyo, unazunguka vichochoro, unapanda mapaa, unamfuata mpita njia. Pande tatu kamili, nenda kokote. Lakini ukimchokoza mtu na ngumi zikaanza, kamera inateremka ubavuni, uchochoro unanyooka, na nyote wawili mnasimama kwenye mstari. Mbele, nyuma, juu. Waliojenga mji mzima wa kuzunguka walijua mahali pa kuzungukia na mahali pa kutozungukia.

Ndiyo maana raba za padi bado zinapasuka pale pale. Vijana wanaocheza ya sita huniletea padi zilizolika chini kuelekea mbele, na ninazitengeneza kwa dawa ile ile.

Mwisho, Mhariri, neno kwa dawati lako la picha. Barua ile ilisema habari za Street Fighter kuanzia juu hadi chini. Kijana mwenye nywele zilizosimama na miali ya moto kwenye suruali mliyemweka kando yake ni Jin Kazama. Huyo ni wa Tekken. Vijana wangu wamemchorea mshale kwa kalamu nyekundu na karatasi iko ukutani, kwa hiyo kama kuna picha itakayoambatana na barua hii, naomba iwe ya Elena.

Fundi wa redio na padi,
Kisauni, Mombasa